Sura ya Sita: Waya Uliobanwa Nguzoni

"Usivute," alisema Inspekta Mkuu Kemboi. "Ifungue kama ungekuwa unafungua ya kwako."

Jasvinder Singh aliondoa spana kwenye bolti, akamgeukia. Alikuwa fundi wa mota za umeme, mwenye karakana karibu na stesheni ya reli, na polisi walikuwa wamemwomba aje kuwa jicho lao.

"Inspekta, mimi nafungua mashine tangu wewe uko nasari."

"Basi hii haitakushinda."

Jasvinder alicheka ndani ya ndevu, akapiga magoti tena.

Mashine ilisimama katikati ya chumba cha chini, katika nyumba ya Bwana Nimesh, mtaa wa Kiamunyi. Ilikuwa mashine ya mazoezi, ile ambayo mtu hukimbia juu ya mkanda unaozunguka na asifike popote. Bwana Nimesh, muuzaji wa vitambaa mjini Nakuru, aliinunua baada ya daktari kumwonya juu ya moyo wake. Juzi asubuhi alipanda juu yake akaanza kwa mwendo wa pole. Mkanda ukaruka ghafla kwa kasi ya ajabu. Alivuta kikamba cha usalama, ambacho kazi yake ni kuzima mashine papo hapo, lakini mkanda haukusimama. Ulimtupa nyuma, kisogo chake kikagonga ukuta. Tangu hapo alikuwa amelala hospitalini bila kufungua macho.

Yote hayo yalisimuliwa na mwanawe, Paresh, aliyekuwa amesimama mlangoni wakati huo. Hata sasa alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi. Ni yeye aliyeandikisha malalamiko kituoni, na kwa malalamiko yake Odero, fundi wa mtaa wa Free Area aliyeunganisha mashine hiyo, alitiwa seli. Kesho asubuhi Odero angepandishwa kizimbani kwa uzembe uliomjeruhi mtu. Bwana Nimesh akifariki, jina la kosa lingebadilika na kuwa kuua bila kukusudia.

Kemboi alipewa jalada hilo jana jioni. Lilikuwa jembamba. Maelezo ya mlalamishi yalikuwemo, jina la mshtakiwa pia. Hakuna mtu aliyekuwa ameifungua mashine.

Bolti ya mwisho ilitoka. Jasvinder aliinua nguzo ya kulia kidogo, akachungulia chini yake, kisha akapiga mluzi.

"Kuja uone. Konstebo, leta tochi."

Konstebo Wangeci alimulika. Nyaya nyembamba za rangi nyingi zilikuwa zimelala kati ya mdomo wa nguzo na sahani ya chuma, zimebanwa zikawa bapa kama utepe. Ngozi ya plastiki ilikuwa imechanika na shaba inang'aa ndani.

"Eleza polepole," Kemboi alisema.

"Nyaya zinatoka hapa juu kwa vitufe, zinapita ndani ya nguzo, zinakutana na zile za chini. Zinaungana kwa konekta mbili ndogo, hizi. Moja inaingia kwa nyingine. Unasukuma mpaka inalia, tak. Halafu unazifunga pamoja zisiachane, unazirudisha ndani ya nguzo, ndio unakaza bolti. Ukikaza kabla hujazirudisha, nguzo inakalia waya. Kama mama mnene kwa kiti ya mtoto."

"Na zikikaliwa?"

"Shaba inagusa shaba. Mota inaambiwa kimbia na hakuna mtu amesema kimbia. Waya ya kusimamisha iko hapa ndani pia. Mzee alivuta kamba, habari haikufika." Jasvinder alinyoosha mgongo. "Na konekta yenyewe haijaingia mpaka mwisho. Imefungwa tepu nusu nusu. Inspekta, kazi imekwisha. Hii ni jua kali safi, kazi ya fundi wa kibandani."

"Si nilisema?" Paresh alidakia kutoka mlangoni. "Baba alitaka kusaidia yule mtu. Hawa watu tangu fujo za uchaguzi za Januari wana hasira na kila mwenye duka. Labda hata alifanya makusudi."

"Hasira haionekani kwenye waya, Bwana Paresh," Kemboi alijibu bila kugeuka. "Tepu inaonekana."

Alivaa glavu, akachukua koleo ndogo, akaanza kuifungua tepu nyeusi iliyozungushwa kwenye konekta, mzunguko mmoja baada ya mwingine. Mtu asiyejua kufungua kitu kwa utaratibu hawezi kujua kilifungwaje. Hilo alikuwa amewaambia makonstebo wengi, na wengi walikuwa wamelisahau.

Mwisho wa tepu ulikuwa umekatwa sawasawa, kwa makasi. Na upande wa gundi ulikuwa na chembe nyekundu, laini kama unga, zilizonata humo pamoja na alama hafifu ya kidole.

"Nini hiyo?" aliuliza.

"Kutu," Paresh alisema upesi.

"Kutu ya wapi?" Jasvinder alimkata. "Chuma hii ni mpya, hata rangi haijabanduka."

"Vumbi basi. Vumbi ya viatu vyake."

Kemboi alipitisha kidole juu ya dirisha la chumba hicho, akakitazama. Vumbi lilikuwa la kijivu, kama lilivyo vumbi la Nakuru yote. Wangeci alifungua bahasha, tepu ikaingia.

* * *

Kwenye benchi la kituo alikuwa ameketi mwanamke mwenye bakuli la plastiki lililofungwa kwa kitambaa. Alisimama mara Kemboi alipoingia.

"Boss, wewe ndiye mkubwa wa hii kesi?"

"Ndiye. Wewe ni nani, mama?"

"Milcah. Bibi ya Odero. Nimemletea chakula, wameniambia ningoje." Alishusha sauti, lakini haikushuka sana. "Sikiza, boss. Tumerudi Free Area juzi tu baada ya kulala kwa hema. Bwanangu amefungua kibanda upya, watu wameanza kumwamini. Sasa tangu mmchukue, wateja wanakuja kwangu kuchukua redio zao. Wanasema fundi ameua Mhindi."

"Bwana Nimesh hajafa."

"Kwa Free Area ashakufa."

Kemboi alimwamuru askari wa zamu aruhusu chakula kipite, akaingia chumba cha mahojiano.

Odero aliletwa akiwa ameshika kiuno cha suruali, maana mkanda wake ulichukuliwa. Alikuwa mrefu, na aliketi kama mtu aliyealikwa, si kama mtu aliyekamatwa.

"Kabla hujaniuliza," alianza, "mimi si fundi wa kubahatisha. Muulize mtu yeyote."

"Nakuuliza wewe." Kemboi aliweka mezani tepu nyeusi iliyotoka kwenye sanduku la vifaa la Odero. "Hii ni yako?"

"Ni yangu. Kuwa na tepu ni makosa siku hizi?"

"Konekta za mashine ya Bwana Nimesh zilikuwa zimefungwa kwa tepu nyeusi."

"Basi si mimi niliyezifunga."

"Upesi hivyo?"

"Tepu ni ya nyaya za nyumba, zile zimelala tu kwa ukuta. Kitu kinachotetemeka siwezi kukifunga na tepu. Jua la mchana likiingia, gundi inateleza kama mafuta, baada ya mwezi konekta zimeachana. Mimi nilikata mpira wa tyubu ya baiskeli, nikazifunga nao. Tena nikavuta kujaribu."

"Kitabu cha mashine kinasema utumie mpira wa tyubu?"

Odero alisita. "Hakisemi."

"Kinasema nini?"

"Kinasema kile kikamba cha plastiki kilichokuja ndani ya boksi. Nilikikaza sana, kikakatika."

"Ukaenda kununua kingine?"

"Sikwenda."

"Kwa hiyo hukufuata maagizo, na mtu amelala hospitalini."

"Sikufuata!" Odero alipiga meza. "Andika hivyo, sikufuata. Lakini niliweka mpira, na mpira wangu hauachii. Wewe umeona mpira?"

"Sijauona."

Wangeci aliacha kuandika.

Kemboi aliisukuma tepu mbele. "Nikatie kipande."

Odero alivuta tepu, akaipeleka mdomoni, akaikata kwa meno kama mtu anayekata uzi. Aliirudisha mezani. Ncha yake ilikuwa imechanika ovyo. Kemboi aliitazama, akaiweka kwenye bahasha ya pili. Haukuwa ushahidi wa kumfungua mtu. Mwenye meno anaweza pia kuwa na makasi.

"Sasa nieleze chumba," alisema. "Ulipoingia kufanya kazi, ulikuta nini?"

"Chumba gani?"

"Ulichofanyia kazi."

"Kuna dirisha kubwa, unaona mpaka ziwani. Zulia la kijani. Nyuma kuna kile kikabati chao cha kuombea, na picha, na taa ndogo inawaka mchana wote. Waliniambia niweke mashine iangalie dirisha, mzee akikimbia aone nje. Ubani ulinipiga kichwa siku nzima."

"Kilikuwa orofa gani?"

"Juu. Hiyo mashine nilitoa jasho kuipandisha, ikiwa kwa boksi, vipande vipande."

Wangeci aliinua uso, akamtazama bosi wake. Kemboi hakubadilika.

"Mashine iko chini, Odero. Chumba cha kando ya jiko. Sakafu ya saruji, dirisha dogo, hakuna picha."

Odero alikunja uso. "Chini? Nani ameiteremsha?"

"Hilo ndilo ninalouliza."

"Haipiti kwa ile ngazi ikiwa imesimama. Lazima utoe nguzo." Akapiga paji la uso kwa kiganja. "Yule kijana wao alinipigia! Simu ilikuwa imezima, stima ilikuwa imepotea mtaa mzima. Kesho yake nikaona amenitafuta, nikampigia. Akaniambia, fundi, hakuna shida tena."

"Maneno yake hayo?"

"Hayo. Hakuna shida tena."

Kemboi alisimama. Alijua jinsi hakimu angeyapokea maneno hayo. Mshtakiwa anasema juu, mlalamishi anasema chini. Mmoja yuko seli, mwingine ana baba mahututi. Neno kwa neno, Odero angeshindwa kabla ya saa nne.

"Kula chakula cha mke wako," alisema.

* * *

Jua la alasiri lilikuwa limeanza kuinama waliporudi Kiamunyi. Jasvinder aliitwa tena, na alifika akilalamika kwamba mota za watu zinamngoja.

"Ulisema kazi imekwisha," Kemboi alimwambia. "Mimi nasema hujaimaliza. Toa ile nguzo yote. Ipindue."

"Unatafuta nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka ipinduliwe."

Paresh alikuwa amekuja tena mlangoni. Kemboi alimuuliza mbele ya wote, kwa sauti ya kawaida: "Fundi aliiunganisha mashine wapi?"

"Hapa."

"Hapa chini?"

"Hapa hapa. Haijatoka hapa."

"Andika, Konstebo."

Jasvinder alitenganisha nguzo, akaichomoa kwenye nyaya, akaigeuza kichwa chini. Hakuna kilichotoka. Aliitikisa. Alipiga ubavu wake kwa mpini wa bisibisi, mara moja, mara ya pili. Kitu kilikwaruza ndani, kikashuka, kikaanguka sakafuni bila kelele.

Kilikuwa kipande cha mpira mweusi, upana wa kidole, chenye fundo dogo lililobaki limekazwa. Upande mmoja wa fundo kilikuwa kimekatwa kwa chombo chenye makali.

Jasvinder alikiokota, akakivuta, akakinusa.

"Tyubu ya baiskeli," alisema, na safari hii hakucheka. "Hii haitoki kiwandani."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo zilifungwa mara mbili. Kwanza na hii. Halafu mtu amekata, ametenganisha, hii ikabaki juu ndani. Baadaye akafunga tena na tepu." Alimgeukia Wangeci. "Asubuhi nilisema jua kali safi. Konstebo, hiyo usiandike."

"Nimeshaandika," Wangeci alisema.

"Kwa nini mtu atenganishe konekta?" Kemboi aliuliza.

"Kutoa nguzo. Hakuna sababu nyingine. Na nguzo unatoa ukitaka kupitisha mashine mahali pembamba. Mlango. Ngazi."

Ngazi ilikuwa hapo nje ya mlango, nyuma ya bega la Paresh. Kemboi alimpita akaanza kupanda.

"Inspekta, huko juu ni mahali pa ibada," Paresh alimfuata mbio. "Bibi yangu, mama wa Baba, yuko huko. Hajaambiwa kila kitu. Yeye ni mzee."

"Nitavua viatu."

Alivua kweli, juu ya ngazi, na Wangeci akafanya vivyo hivyo. Chumba kilikuwa kama kilivyoelezwa: dirisha kubwa, ziwa kwa mbali, zulia la kijani. Kabati la ibada lilisimama ukutani, na ndani yake picha zilizovikwa maua na kitaa kidogo kinachowaka. Kando yake aliketi bibi mkongwe aliyejifunika sari nyeupe kichwani, shanga za sala mkononi.

"Habari ya jioni, Mama," Kemboi alisema.

"Mzuri. Nimesh naamuka?"

"Bado, Mama."

Bibi alirudia shanga zake. Kemboi aliinama juu ya zulia. Katikati yake, kuelekea dirisha, manyoya ya zulia yalikuwa yamelala katika sehemu nne, duara duara, na vumbi la mpira mweusi lilikuwa limebaki humo. Wangeci alikuwa amekuja na kamba aliyopimia miguu ya mashine kule chini. Aliitandaza kutoka alama hadi alama. Ililingana.

"Hapo palikuwa na kabati," Paresh alisema. "Kabati la nguo. Tulilitoa."

"Hapana kabati," bibi alisema. "Mashine."

Paresh alimgeukia, akazungumza Kigujarati haraka haraka. Bibi aliinua mkono.

"Wacha. Polisi nauliza, mimi najibu. Mimi hapana ogopa polisi." Alimtazama Kemboi. "Mimi sema toa hii mashine. Nimesh nakimbia, naangalia dirisha. Kiatu yake nyuma narushia Bhagwan. Mguu kwa uso ya Mungu! Nyumba gani nafanya hivyo? Mimi naambia Nimesh, yeye nasema fundi atakuja. Mimi naambia Paresh. Paresh iko mtoto mzuri, naleta boi ya shamba, natoa siku ile ile."

"Waliitoa ikiwa nzima, Mama?"

"Nzima napita wapi? Nakata, nafungua, napeleka chini kipande kipande."

"Na kuifunga tena? Tepu aliipata wapi?"

"Mimi napatia yeye." Bibi aliinuka kwa shida, akafungua droo ya chini ya kabati la ibada. Ndani mlikuwa na viberiti, tambi za taa, makasi, na kikombe kidogo cha shaba chenye unga mwekundu, ule ambao wanawake wa Kihindi hujitia kwenye paji la uso. Aliutaja kwa lugha yake, kanku. Kando ya kikombe ilikaa tepu nyeusi ya umeme, kingo zake zimechafuka wekundu. "Hii nafungia waya ya taa ya Mungu. Mkono yangu iko na kanku, nachafua kidogo. Lakini tepu mzuri." Aliwatazama mmoja mmoja. "Kwa nini? Tepu mbaya?"

Wangeci alipokea tepu ile kwa bahasha, kwa mikono miwili.

* * *

Walikaa kwenye sebule ya juu. Paresh aliketi ukingoni mwa kochi, viwiko juu ya magoti. Simu yake aliiweka mezani, uso juu.

"Nilimpigia fundi," alisema. "Simu yake ilikuwa off. Ba, bibi yangu, alikuwa amekataa kula mpaka mashine iondoke. Nikaona ni bolti tu. Nikifungua naweza kufunga."

"Ngoja." Kemboi aliinua kiganja. "Kabla hujaendelea. Unalotaka kusema ni ungamo, na ungamo lina sheria. Huna lazima ya kusema. Ukisema, litaandikwa na litasomwa mahakamani. Cheo changu kinaniruhusu kulipokea, lakini lazima awepo mtu wa tatu uliyemchagua mwenyewe. Wakili, ndugu, yeyote."

"Wakili yuko Nairobi."

"Tunaweza kumngoja."

"Mpaka lini?"

"Kesho mchana, labda. Odero atakuwa ameshasomewa mashtaka asubuhi. Akikosa dhamana atapelekwa rumande. Nakueleza ili ujue, si kukulazimisha."

Paresh alisugua uso. "Inspekta, nisikilize. Sikatai. Nitasema yote. Lakini ngoja Baba aamke kwanza. Aliniambia mara mbili, usiguse hiyo mashine, ngoja fundi. Mara mbili. Nataka kumwambia mwenyewe, kabla hajasikia kwa polisi. Siku moja, mbili. Daktari anasema anaweza kuamka wakati wowote."

"Na Odero angoje selini ili wewe uongee na baba yako?"

"Nitamlipa."

"Mke wake anarudishia watu redio zao. Utalipa nini?"

Bibi alikuwa amekuja polepole, akaketi karibu na mjukuu wake. "Mimi nakaa," alisema. "Mtu ya tatu iko mimi."

Kemboi alimtazama Paresh. "Unamchagua?"

Paresh alimtazama bibi yake. "Ndiyo."

"Basi mweleze kwa lugha yenu, ajue anashuhudia nini. Kila kitu."

Paresh alizungumza. Mwanzo alizungumza akitazama sakafu. Kemboi hakujua Kigujarati, lakini aliona mahali maneno yalipofika: shanga zilisimama kati ya vidole vya bibi, naye akatazama kule kwenye chumba cha ibada, kwenye droo. Kisha akauliza kwa Kiswahili, kana kwamba alitaka wote wasikie:

"Fundi nalala jela, wewe jua?"

"Nilijua, Ba."

"Sema kwa polisi."

Akasema. Wangeci aliandika. Paresh mwenyewe ndiye aliyekata mpira kwa makasi ya kabati la ibada. Yeye ndiye aliyeunganisha konekta chini, akazisukuma, hakusikia zikilia, akadhani tepu itatosha kuzishika. Nguzo ilipokataa kukaa vizuri, aliilazimisha kwa bolti. Mashine iliwaka, vitufe vikafanya kazi, akafurahi. Baba yake alipoanguka, alijua sababu kabla hajamfikia. Polisi walipouliza nani aliifunga, jina la Odero lilitoka lenyewe kinywani mwake.

"Na yale ya hasira na makusudi?"

"Hayo nilijua ni uongo nikiyasema."

Wangeci alimsomea kurasa zote kutoka mwanzo. Paresh alirekebisha neno moja. Kalamu iliwekwa mbele yake.

Simu ya Kemboi ililia. Aliitazama namba, akainuka, akaenda dirishani. Alisikiliza zaidi kuliko alivyosema. "Saa ngapi?" aliuliza, na baadaye, "Ahsante, sista."

Alipogeuka, Paresh alikuwa ameshika kalamu, ncha yake juu ya karatasi. Wangeci alikuwa ameusoma uso wa bosi wake. Alitikisa kichwa kidogo sana, ishara ambayo kila polisi anaijua: mwache atie sahihi kwanza. Wino ukikauka, Odero yuko huru. Mtu akisikia habari ile, kalamu inaweza kuanguka isiokotwe tena, na kesho ni mtu wa Free Area atakayesomewa shtaka la kuua.

Kemboi alirudi mezani, akaweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Usitie sahihi bado," alisema. "Kabla hujatia, una haki ya kujua. Hospitali wamenipigia. Baba yako amefariki, muda mfupi uliopita. Hakuamka. Shtaka linalotokana na karatasi hii si lile la saa moja iliyopita. Ni zito zaidi. Unaweza kukataa kutia sahihi, na unaweza kumngoja wakili. Sitakulaumu, na sitaandika kwamba ulikataa kwa ubaya."

Kalamu ilianguka mezani, ikabingirika, ikaangukia zulia.

Paresh hakulia. Alifungua mdomo kama mtu anayetafuta hewa. "Nilitaka kumwambia," alisema. "Nilitaka kumwambia mwenyewe."

Bibi alikuwa ameelewa. Neno hilo halihitaji Kiswahili kingi. Alivuta ukingo wa sari ukamfunika uso, akakaa hivyo, mwili wote ukitikisika bila sauti. Hakuna aliyemgusa. Wangeci alisimama, asijue aende wapi, akaketi tena.

Hatimaye bibi alijifunua. Aliinama, mkono mmoja ukishika meza, akaokota kalamu kwenye zulia. Aliiweka kwenye kiganja cha mjukuu wake, akavikunja vidole vyake juu yake kama mtu anavyomfundisha mtoto kuandika.

"Nimesh hapana sikia tena," alisema. "Ile fundi bado nasikia. Andika, dikra, mtoto yangu."

Paresh alitia sahihi ukurasa wa kwanza. Alitia wa pili. Kwenye wa tatu mstari ulitoka nje ya nafasi yake, akaurudia. Kemboi alimgeuzia bibi karatasi, akamwonyesha mahali pa shahidi. Aliandika jina lake kwa herufi za Kigujarati, taratibu, herufi kwa herufi, na alipomaliza aliisukuma karatasi mbele mwenyewe.

Kemboi aliweka sahihi yake chini ya zao. Kisha akampa Wangeci simu.

"Piga kituoni," alisema. "Waambie nimesema mimi. Odero arudishiwe mkanda wake na sanduku lake, na afunguliwe sasa hivi, mke wake akiwa hapo hapo kwenye benchi. Askari wa zamu aseme kwa sauti kwamba hana kosa. Kwa sauti ya kusikika mpaka nje."

Wangeci alitoka kwenda kupiga. Kemboi alichukua kiti, akakisogeza karibu na kochi, akaketi nao, kwa sababu bado kulikuwa na safari ya kwenda hospitalini, na wale wawili wasingeweza kuendesha gari wenyewe.